Ile orodha ya vifaa vya mlima haikufikiria Nyiragongo

Wandugu, kuna orodha ya vifaa vya kupanda mlima inayozunguka katika simu zetu, na nataka kuikosoa. Inaanza na viatu vya ngozi vya bei kali, fimbo mbili, miwani ya jua. Koti ya mvua iko namba 11! Aliyeiandika alifikiria theluji, kumbe kwetu shida ni mvua.

Nilipanda Nyiragongo mbele ya mlipuko wa Mei 2021. Kule Kibati jua lilikuwa kali. Sisi wa agronomia tunafundishwa kwamba kila metre 1000 unazopanda, joto linashuka karibu digri 6. Juu ni metre 3470. Ile hesabu niliijua vizuri kwa mtihani, lakini nilipanda na jinzi na triko ya pamba. Mvua ikatukuta njiani. Pamba ikilowa inakaa na maji, inakunyang'anya joto la mwili. Nilitetemeka usiku mzima kando ya kreta. Mwenzangu alikuwa na pulova ya sufu ya friperi, na nguo kavu ndani ya sashe ya plastiki. Yeye alilala.

Kwa hiyo vitu si vibaya, mpangilio ndio mbaya. Nguo kavu na koti kwanza. Viatu, vaa vile mguu umeshazoea, mradi visiteleze, juu mawe ya lava yanakata.

Tena orodha haitaji mbebaji hata mara moja. Wetu alibeba mizigo yetu na bote bila soksi. Koti alikuwa nayo moja tu, ile iliyolowa, na hakuna kati yetu aliyemuuliza atalala na nini.