Unga wa Kale wa Wahindi: Je, Moto Huondoa Sumu?

Watetezi wa Ayurveda, yaani uganga wa kale wa Wahindi, hushika neno moja tunalotaka kulipima hapa: dawa iliyotumika miaka elfu mbili haiwezi kudhuru. Sisi twaona neno hilo si kweli, tena halina msaada hata katika vitabu vyao wenyewe.

Charaka, ambaye kitabu chake ni msingi wa uganga huo, ategemea zaidi mizizi, majani na samli. Naye hasitiri hatari: afundisha kwamba hata dawa nzuri ikitumiwa vibaya hugeuka sumu. Elimu ya dawa za zebaki na madini, iitwayo rasashastra, ilistawi karne nyingi baadaye. Basi, anayeuza unga wa risasi kwa jina la Charaka ajifunika kanzu ya mtu mwingine.

Watengenezaji hujibu kwamba madini yao yamesafishwa. Ni kweli, kazi yao ni kubwa. Huyachoma madini, huyazima katika mafuta, mtindi au mkojo wa ng'ombe, huyasaga pamoja na maji ya majani, huyarudisha motoni mara nyingi mpaka yawe jivu, ndiyo bhasma. Kisha hulijaribu: likielea juu ya maji na kuingia katika mistari ya vidole, limekubalika. Twaheshimu uvumilivu huo. Lakini jaribio hilo laonyesha nini? Laonyesha kwamba unga ni laini, basi. Moto huteketeza kuni. Risasi hubaki risasi, na ikiwa laini huingia mwilini kwa urahisi zaidi.

Mwaka 2008 Robert Saper na wenzake wa Marekani walitangaza walivyopima dawa 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti. Moja hivi katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Za rasashastra zilikuwa 4 katika kila 10. Hata zile nyingine zilikuwa 17 katika kila 100.

Hatuwatukani Wahindi. Kutoka mzizi wao wa sarpagandha wakemia wa Basel walipata, mwaka 1952, reserpini ya kupunguza msukumo wa damu. Mti wa jamaa hiyo huota katika misitu yetu ya Kongo. Lakini reserpini nayo ikizidi yaweza kuleta huzuni nzito. Kuwa mmea si kinga.

Wengine hututolea Yoshua bin Sira, sura ya 38, ya kwamba Mungu aliumba dawa kutoka udongoni. Wasome mbele kidogo: sura ile ile yaagiza kumpa tabibu nafasi yake.

Jambo hili latusikitisha zaidi. Tangu mwaka 2006 serikali ya India ilidai dawa za mimea zinazopelekwa ngambo zipimwe madini hayo. Sheria ikaanzia kwa wageni, si kwa maduka ya kwao. Na risasi hukaa katika mifupa miaka mingi. Mama akichukua mimba, hutoka mfupani, hupita katika damu mpaka kwa mtoto tumboni, nayo huanza kuharibu akili yake kabla hajapewa jina.