Wazee wa Chuma

Machi 2024, bendi tatu kongwe za hevi metali zilizunguka pamoja katika kumbi za Uingereza na Ulaya: Uriah Heep, Saxon na Judas Priest. Mick Box, aliyebaki peke yake kati ya waanzilishi wa Uriah Heep ya mwaka 1969, alikuwa na miaka 76. Biff Byford wa Saxon alikuwa na 73, Rob Halford wa Priest 72. Kwetu, mtu wa umri huo huwekewa kiti barazani, wapita njia wakamwamkia shikamoo. Hawa walikuwa wakishindana na magita na drams za kutikisa mbavu, kisha safari ya mji mwingine.

Wanaobeza husema ni njaa ya fedha. Fedha imo, fundi gani hula hewa? Lakini mtu hasimami mbele ya amplifaya miaka hamsini kwa sababu ya mshahara tu. Pale kuna kazi ya mkono, na mimi nikitaka kuieleza huanza na vidole vya Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath.

Mwaka 1965 Iommi alikuwa kijana wa miaka 17, fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham. Siku ya ajali ilikuwa yake ya mwisho kazini, maana alikwisha pata bendi. Mwendeshaji wa mashine ya kukandamiza mabati hakufika, Iommi akawekwa mahali pake. Mchana akaenda nyumbani kula, akasema harudi tena. Mama yake akamwambia arudi akamalize kazi kama inavyopasa. Akarudi. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Na Iommi ni mshoto: mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi.

Madaktari walimshauri asahau gita. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, ambaye baada ya mkono kuungua moto alipiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaifinyanga kwa chuma cha kulehemu mpaka akapata kastabini mbili, akazivisha ngozi aliyoikata kwenye koti kuukuu ili zisiteleze juu ya nyuzi. Nyuzi za gita za wakati ule zilikuwa nene, zikimuumiza. Akatafuta nyembamba za banjo. Baadaye akazilegeza zaidi, na ilipotoka albamu ya tatu ya Black Sabbath mwaka 1971 sauti ilikuwa imeshuka, nzito, kama lori lililojaa linapanda mlima. Dunia nzima ya hevi metali imekula humo.

Nalitaja koti lile makusudi. Leo kijana hununua programu ya kompyuta yenye sauti ya Iommi ikiwa tayari, na kipande alichokosea mashine inamnyooshea. Albamu ya kwanza ya Sabbath ilirekodiwa kwa karibu siku moja, Oktoba 1969, wakipiga pamoja chumbani, na makosa yao yamo mpaka leo. Wala siyaonei haya, nayasikiliza.

Wenzake Iommi nao hawakutoka chuo cha muziki. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Sabbath, alifanya kazi machinjioni. Byford aliingia mgodi wa makaa ya mawe. Halford alikulia Walsall, akienda shule huku nyundo za viwanda zikipiga. Sehemu kubwa ya viwanda na migodi hiyo imefungwa, na mkono uliofundishwa na chuma unazeeka pamoja na wenyewe.

Mpiga gita Glenn Tipton aliingia Judas Priest mwaka 1974. Kwa miaka mingi yeye na K.K. Downing walipeana solo, mmoja akiuliza mwingine akijibu. Msomaji aliyelelewa na bendi za dansi za Msondo na Sikinde hahitaji kuelezwa hilo. Februari 2018 Tipton akatangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Nafasi yake katika ziara akaichukua Andy Sneap, mmoja wa watayarishaji wa albamu yao ya mwaka huo, na baadhi ya usiku Tipton alitoka mwishoni kwa nyimbo chache. Vidole havitii kama zamani. Ila anajua noti ipi ya kuacha, na hilo Sneap hawezi kumwazima.

Julai 5, 2025, Black Sabbath wanne wa awali walikutana Villa Park, katika mtaa wao wa Aston. Metallica, Slayer na Guns N' Roses walitangulia kupiga, kila mmoja akimrudishia mwalimu heshima yake. Ozzy aliimba ameketi, maana Parkinson ilikwisha mnyima miguu, akafariki siku 17 baadaye. Habari nyingi nilizosoma zilihusu kiti chake cha enzi na fedha zilizochangwa. Bill Ward, aliyekaa tena nyuma ya drams za wenzake baada ya miaka 20, alipewa mstari mmoja, na Iommi, mwenye miaka 77 na kastabini vidoleni, hakupewa hata huo.