Jedwali la Kompresa na Gesi Iliyorudi na Baridi

Mhandisi anayebuni pampu ya joto ya kupashia nyumba huko Minnesota hutegemea namba 10 kutoka kwa mtengenezaji wa kompresa. Ndivyo kiwango cha Marekani, AHRI 540, kinavyotaka: namba hizo huingia kwenye mlinganyo wenye nyuzijoto mbili tu, ya gesi ikichemka kwenye ivaporeta na ya gesi ikigeuka kimiminika kwenye kondensa. Jibu lake ni kilo za gesi zinazosukumwa, au umeme unaoliwa.

Namba hizo hutoka maabara. Kompresa huendeshwa mpaka shinikizo na joto vitulie, ndipo mita za mtiririko na za umeme zisomwe. Kisha hali hubadilishwa na kazi huanza upya.

Tatizo liko kwenye gesi inayorudi kwenye kompresa. Majedwali mengine ya namba hizo hupimwa gesi ikiingia na nyuzi 18 hivi za Selsiasi. Kwenye baridi kali, gesi ya R-410A inayochemka kwa nyuzi −25 huweza kuingia ikiwa na −20. Gesi baridi ni nzito: ujazo uleule hubeba uzito unaozidi ule wa maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Anayelitumia jedwali kama lilivyo anaipunja mashine yake.

Mwaka 1981, watafiti Dabiri na Rice walipendekeza sahihisho ambalo bado linatumika: chukua robo tatu tu ya ongezeko la uzito wa gesi. Kwa nini si lote? Kwa sababu gesi hupashwa na mota na kuta za kompresa kabla ya kubanwa, na sehemu ya tofauti hupotelea humo. Uzuri wake ni huo: namba moja, yenye sababu inayoeleweka.

Mlinganyo wenyewe hauna sababu kama hiyo. Nje ya eneo lililopimwa, mkunjo wake unaweza kudai kwamba mtiririko unapanda kadiri baridi inavyozidi, jambo lisilowezekana. Na baridini ndiko mashine hutaabika: kutoka nyuzi −25 kwenye ivaporeta hadi 45 kwenye kondensa, shinikizo hupanda takribani mara nane; kutoka sifuri, mara tatu na nusu tu. Gesi hutoka ya moto mno, na oili huwa hatarini. Ndiyo maana kompresa nyingi za maeneo ya baridi hudungwa gesi ya ziada katikati ya mbano, na hapo nyuzijoto mbili hazitoshi tena. Shinikizo la udungaji nalo lazima liingie kwenye hesabu.

Watengenezaji wanaouza kompresa za nchi za baridi wachapishe vipimo halisi pamoja na zile namba 10, na waseme gesi iliingia na nyuzi ngapi.