Mtandao Umekatika Wapi? Uhakiki wa Istilahi za Mawasiliano ya Kompyuta

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kwa moyo mkunjufu tangu kompyuta zilipoenea nchini, neno mtandao ndilo lililofanikiwa kupita kiasi. Asili yake ni kitenzi tanda, chenye maana ya kuenea na kufunika, na hapana shaka aliyelichagua kwanza aliona mbali. Lakini leo mtandao ni intaneti, mtandao ni kampuni ya simu, ndiyo maana twaulizana, "Unatumia mtandao gani?", mtandao ni vile vijiti vinavyopanda na kushuka kwenye kioo cha simu, mtandao ni kompyuta zilizounganishwa katika jengo moja, mtandao ni waifai ya ofisini. Polisi nao huvunja mtandao wa wezi. Makala haya hayakusudii kulilaumu neno hili. Yanakusudia kuonyesha kwamba pale kitu kinapoharibika na kuhitaji kutengenezwa, neno lenye maana nyingi hivi humpoteza fundi, na kwamba istilahi tulizozitunga ili kumsaidia zimeelekezwa mahali pasipo na tatizo.

Tuchukue mfano wa Lyulilo, kijiji kilicho jirani na Matema katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Wengi hukijua kwa gulio lake la Jumamosi, ambapo wanawake wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nyuma ya ufuko huo Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na mbele ni maji matupu. Tuseme katika kijiji hicho kuna ofisi ndogo yenye kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa waifai. Mara tano au sita kwa siku mawasiliano hupotea kwa dakika mbili tatu, kisha hurudi yenyewe. Karani anampigia simu fundi aliyeko Kyela mjini:

"Shikamoo fundi. Mtandao huku unakatikakatika."

"Marahaba. Mtandao gani huo?"

Karani anataja jina la kampuni ya simu.

Hapo mazungumzo yamekwisha kuharibika, ingawa hakuna aliyekosea Kiswahili. Fundi aliuliza kama ni waifai au ni laini ya nje. Karani alisikia swali analoulizwa kila anaponunua vocha. Fundi atajibu kwamba hayo ni mambo ya mnara, wasubiri. Au atasema mashine iletwe. Basi mashine itafungwa kwa kamba, itapakiwa garini, itapita Matema na Ipinda hadi mjini, na ikifika kwa fundi itafanya kazi siku nzima bila kasoro. Itarudishwa Lyulilo kwa nauli ya mtu na nauli ya mzigo, na kesho yake ugonjwa utakuwa ule ule. Taarifa iliyotakiwa kufika wilayani mwisho wa mwezi itachelewa. Gharama yote hiyo imetokana na neno moja.

Yafaa ieleweke kwamba mawasiliano ya ofisi kama hiyo hupita katika hatua kadhaa. Kompyuta husemezana na ruta iliyo chumbani kwa mawimbi ya redio. Hii ndiyo waifai hasa. Ruta nayo husemezana na mnara wa simu kwa mawimbi mengine. Kutoka mnarani mambo huendelea kwa redio au kwa mkongo hadi kwenye intaneti yenyewe. (Neno mkongo, kwa njia, ni mfano mzuri wa istilahi iliyotoka ofisini na kukubalika mitaani bila kusukumwa.) Kila hatua ina maradhi yake. Mlima ukikaa kati ya ruta na mnara, mawimbi hayo ambayo hupenda kwenda moja kwa moja hudhoofika. Hilo ni tatizo la hatua ya pili, na mtu wa Lyulilo hana mamlaka juu ya mlima. Lakini maradhi mengi ya kompyuta ya mezani yamo katika hatua ya kwanza, na dawa yake imo humo humo chumbani.

Jina lenyewe latudanganya kidogo. Hiyo tunayoiita kompyuta ya mezani, sanduku lake aghalabu huwekwa chini ya meza, mgongo ukiwa umegandamizwa ukutani. Mgongoni ndipo antena ilipo. Kwa hiyo sanduku la chuma limesimama kati ya antena na ruta, na matofali yamesimama upande wa pili. Simu iliyo mkononi mwa karani hupata mawimbi safi katika chumba hicho hicho, kwa kuwa yeye huinuka na kugeuka nayo. Jaribio la kwanza, basi, ni kuunganisha simu kwenye ruta ile ile na kuitazama wakati kompyuta inapopoteza mawasiliano. Simu ikiendelea vizuri, ruta na mnara havina hatia. Jaribio la pili ni kuipigia ruta hodi kutoka kwenye kompyuta, yaani kutuma ujumbe mfupi wa kuulizia kama ipo na kungoja jibu. Ruta ikiitikia karibu huku tovuti za nje haziitikii, mkatiko uko mbele ya ruta. Isipoitikia, mkatiko uko hapo hapo ofisini. Nimeona waandishi wakihangaika kutafuta tafsiri ya jaribio hili, ilhali kupiga hodi ni neno tulilonalo tangu zamani, na hueleza tendo lenyewe barabara kuliko neno la Kiingereza.

Sasa tuje kwenye kiini cha uhakiki huu. Orodha zetu za istilahi, tangu zile za miaka ya 1970, zimejaa nomino. Tumezoea kudhani kwamba kitu kikipata jina, kazi imekwisha. Lakini mtu mwenye kompyuta mbovu hamwambii fundi jina la kitu. Humwambia kitu kinafanya nini. Anahitaji vitenzi. Na katika vitenzi Kiswahili hakikuwa na haja ya kukopa chochote.

Tazama kukatika na kukatwa. Kila mwenye umeme nyumbani aijua tofauti: umeme umekatika, hakuna mkosaji anayejulikana, umeme umekatwa, kuna mtu amekuja na ngazi kwa sababu ya deni. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa zimeshagawana kazi, bila ya kikao cha istilahi. Katika mawasiliano tofauti hiyo ina thamani kubwa, maana kifurushi kikiisha kampuni huikata huduma, ilhali mawimbi ya mnarani yapo na waifai ipo, na hakuna kifaa chochote kinachohitaji kufunguliwa.

Kisha kuna kuyumba. Mawasiliano yanayoyumba hayajakatika; yapo, ila ni ya polepole na hayatabiriki, kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja. Anayesema "unayumba" amemwambia fundi kwamba kiungo kingali hai, na kwamba atafute msongamano au udhaifu wa mawimbi.

Lakini neno lililo bora kuliko yote ni lile ambalo sijaliona katika maandishi yoyote ya kompyuta, ingawa husikika kila siku: inashika na kuachia. Gundi huachia, fundo huachia. Kitu kilikuwa kimekamata, kimelegea chenyewe, na chaweza kukamata tena. Ndivyo hasa inavyofanya kompyuta inayopoteza waifai na kuirudia. Ikiwa tutakubaliana kwamba kompyuta huachia, na mtandao wa nje hukatika, basi karani wa Lyulilo atasema, "Kompyuta inaachia, simu haiachii," na kwa maneno manne fundi atakuwa ameshajua kwamba hahitaji kuuliza habari za mnara. Lugha yenyewe inatupa pia namna ya kutaja kujirudia kwa tatizo: imeachia ni mara moja, inaachiaachia ni ugonjwa.

Linganisha hayo na matangazo yanayoonekana kwenye viwamba vyetu. "Muunganisho umepotea" husema kana kwamba kitu kimedondoka njiani na hakitaonekana tena. "Umetenganishwa" ni mbaya zaidi, kwa sababu kauli ya kutendwa humfanya msomaji amtafute aliyemtenganisha, na mara nyingi hakuna. Tafsiri hizi zilifuata neno la Kiingereza hatua kwa hatua. Hazikuuliza Mswahili angesema nini akiwa amekasirika mbele ya mashine.

Katika nomino nako kuna mengi ya kusema, ila nitachagua machache. Kwanza ni hilo pasiwaya, pamoja na ndugu zake isiyo na waya na bila waya. Ni majina yanayotaja kile kisichokuwapo. Wazee wetu walipoletewa mawasiliano ya redio waliyaita simu ya upepo, jina ambalo angalau lilijaribu kusema habari hupita katika nini. Wako wanaotaka tulifufue. Mimi sioni kuwa lafaa, na hasa katika mahali kama Lyulilo, ambako upepo wa ziwani ni jambo la kweli linalozuia watu kusafiri. Ukimwambia mvuvi kwamba mawasiliano ni ya upepo, atayangojea yatulie. Pasiwaya nalo lina hasara yake katika matengenezo: humfanya mtu asahau kwamba waya upo, na kwamba kuichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya ni jaribio jema na mara nyingi ni tiba kamili. Kompyuta isiyohama ina sababu gani ya kuukataa waya?

Tena Wi-Fi si maelezo bali ni jina la biashara, lililobuniwa mwaka 1999, miaka miwili baada ya kiwango cha kwanza cha teknolojia hiyo kutolewa. Halikuwa kifupisho cha maneno yoyote. Kulitafsiri ni sawa na kutafsiri jina la sabuni. Waifai imeshaingia, ina vokali mwishoni, ina upatanisho wa kisarufi, tuiache. Vivyo hivyo ruta. Kipanga njia ni tafsiri ya kweli, lakini dukani ukiomba kipanga njia utaulizwa unakwenda wapi.

Adapta ni tatizo zito zaidi. Mitaani adapta ni kile kifaa kinachoshusha umeme wa ukutani ili kompyuta ya mkononi ichaji. Kompyuta inapotangaza kwamba adapta ina hitilafu, huku ikimaanisha kipokezi cha waifai, mtumiaji mwaminifu huenda kuchunguza soketi. Napendekeza kipokezi cha waifai, ingawa chombo hicho hutuma pia. Kasoro hiyo ni ndogo kuliko safari ya bure kwenda kununua chaja. Kiendeshi nalo nimeliona likitumiwa mahali pamoja kwa diski na mahali pengine kwa programu inayokiongoza kifaa. Hatuwezi kumshauri mtu asasishe kiendeshi chake kabla hatujaamua ni kipi kati ya viwili hivyo.

Neno masafa lastahili onyo la pekee. Lina maana ya umbali, na tangu enzi za Redio Tanzania limetumika pia kwa mawimbi: masafa ya kati, masafa mafupi. Wasikilizaji wa zamani walijua kwamba masafa mafupi ndiyo yaliyofika mbali, na walilicheka jambo hilo. Katika waifai utata huu una madhara. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini husongwa na vyombo vingine vinavyotumia mawimbi hayo, kama blututhi na majiko ya mikrowevu. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo kwamba hata matundu ya USB ya aina ya 3.0 hutoa kelele katika eneo hilo. Ndiyo sababu kipokezi kilichochomekwa kando ya diski ya nje huachia, na kikisogezwa kwa waya wa urefu wa mkono hutulia. Jaribu kuyaandika haya kwa kutumia masafa kwa maana zote mbili, na utaona sentensi ikikufunga miguu. Masafa yabaki kuwa umbali. Kwa mawimbi tuseme ukanda wa 2.4 na ukanda wa 5.

Nakumbuka kwamba hata kuokoa umeme, maneno mazuri yasiyo na hila, yameleta hasara. Katika Windows kuna kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kipokezi ili kuokoa umeme. Nani atakataa kuokoa umeme? Kama kisanduku hicho kingesema kipokezi kitalazwa, mtumiaji angejua kwa nini kompyuta huachia kila aendapo kunywa chai.

Watakuwapo wasemao kwamba fundi anakijua Kiingereza, na hivyo yote haya si ya lazima. Fundi huenda anakijua. Lakini kinachomfikia kwa simu kutoka Lyulilo ni Kiswahili, naye hutibu kwa kadiri alivyoelezwa.

Kwa hiyo naleta mbele ya wahusika kitomeo kifuatacho, ili kijaribiwe kwanza kwa mafundi wa Kyela na Ipinda kabla ya kuingizwa katika orodha yoyote:

achia, kitenzi kisicho elekezi: (kwa kompyuta au simu) poteza kiungo na ruta kwa muda, ilhali ruta ingali ikifanya kazi. Kompyuta ya ofisi inaachia kila tunapochomeka diski ya nje.