Marejeo Bila Mwenyeji: Wanaorudi Kwao katika Riwaya za Abdulrazak Gurnah

Mabaharia wa mwambao wana methali isemayo kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aghalabu hutajwa kumpa moyo aliyebaki nyumbani: mwache azunguke chombo kizima, mwisho atarudi. Ajuaye jahazi, hata hivyo, anajua kuwa ngama si mahali pa starehe. Ndipo maji yanapojikusanya chini kabisa, na ndipo mtu anapoinama kuyateka na kuyamwaga baharini. Fauka ya hayo, methali yenyewe imechukulia kuwa chombo ni kile kile na mabaharia ni wale wale. Haikusema neno juu ya mtu anayeshuka ngamani akakuta hapana hata mmoja anayemjua, au akakuta watu wote wapo na yeye ndiye hajulikani.

Ni pengo hilo la methali ambalo Abdulrazak Gurnah ameliandikia riwaya baada ya riwaya. Mengi yamesemwa juu yake kama mwandishi wa uhamisho, na yalizidi kusemwa tangu alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, na hakuweza kurudi kutazama kwao hadi 1984, baba yake akiwa karibu na kufa. Msomaji asiye na subira hutaka kuzisoma riwaya zake kama maelezo ya safari hiyo moja. Huko ni kuzidhulumu. Wanaorudi katika vitabu vyake ni wengi na hawafanani, na anayewaweka pamoja huona jambo ambalo kitabu kimoja hakimwonyeshi.

Mpenzi wa ushairi atasema kuwa mlango huu ulikwisha kubishwa zamani, na atakuwa na haki. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliwasimamisha wasomaji wake ndani ya majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na sauti za watu, na ambayo sasa yamebaki kwa popo na ndege waliofanya viota katika madaka ya vyombo vya kaure. Anauliza wako wapi, na hakuna anayeitika. Lakini mshairi wa Pate hakuondoka kwao. Mji ndio uliomwondokea yeye. Huzuni yake ni safi kwa sababu hadaiwi kitu na waliotoweka, na moyo anaousemeza ni wake mwenyewe. Watu wa Gurnah hawana neema hiyo. Wao waliondoka, na kwa hiyo kila anayefungua mlango ana haki ya kuuliza: ulikuwa wapi?

Hapana riwaya inayolipeleka swali hilo mbali zaidi kuliko Admiring Silence ya mwaka 1996. Msimulizi, ambaye jina lake halitajwi tangu mwanzo hadi mwisho, ni mwalimu wa skuli huko Uingereza. Anaishi na Emma, mwanamke wa Kiingereza, na wamepata binti, Amelia. Kwa miaka ishirini hakumwandikia mama yake hata neno moja juu ya mke huyo wa bila ndoa wala juu ya mtoto. Upande wa pili naye Emma, pamoja na wazazi wake, amelishwa hadithi za kubuni juu ya watu wa kisiwani, zikipambwa kila zinaposimuliwa. Serikali inapotangaza msamaha kwa waliotoroka, anarudi. Mama yupo, baba wa kambo yupo, ndugu wapo. Nyumba imejaa. Na katika nyumba hiyo iliyojaa yeye ni mpweke kuliko alivyokuwa London, kwani hakuna aliyemo anayezungumza na mtu aliye mbele yake. Wote wanazungumza na kijana aliyeondoka, na kijana huyo hayupo tena.

Gurnah anajua kuyafanya mambo haya yachekeshe, jambo ambalo wahakiki wake wazito hulisahau. Umeme unakatika, maji hayatoki, vyoo vimeziba, na harufu inamfuata mgeni hadi kitandani. Katika hali hiyo afisa mkubwa anamtaka msimulizi abaki ashiriki katika kazi ya kuvitafsiri vitabu vikuu vya dunia kwa Kiswahili. Fahari ya mradi ule na hali ya vile vyoo vimewekwa karibu mno kwa makusudi. Ngama ya chombo imejaa, na wakubwa wanafikiria kupamba tanga. Aliyeishi Unguja katika miaka ile ya uhaba hahitaji kufafanuliwa.

Kisha jamaa wanamletea mchumba, Safiya, msichana wa heshima anayetaka kusomea udaktari. Hapo ndipo kimya chake kinapopasuka. Anawaambia, na nyumba nzima inamgeukia. Si kwa sababu ya Emma peke yake. Kinachowauma ni kwamba kwa miaka ishirini walikuwa wakimpenda mtu wa kubuni. Anarudi Uingereza, na huko Emma anamwambia kuwa anamwacha. Kwa safari moja ameipoteza nchi mara mbili.

Riwaya hii ina upungufu wake, na si mdogo. Kila kitu kinapita katika kejeli ya msimulizi, na kejeli hiyo ni tamu kiasi cha kuwanyima wengine nafasi ya kusema. Mama, ambaye ndiye aliyedhulumiwa zaidi, anasikika kwa vipande. Safiya anapita kama kivuli ukutani: analetwa, anatazamwa, anaondolewa. Laiti angepewa ukurasa mmoja wa maneno yake, msomaji angelijua pia gharama wanayolipa waliobaki wanapogeuzwa kuwa kioo cha mtu anayerudi kujitazama.

By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, inaligeuza swali. Saleh Omar hakwenda popote kwa hiari. Alifungwa bila ya hukumu ya haki, akahamishwa kizuizini huku na huku kwa miaka kumi na moja, na siku aliyorudi mjini kwake akaambiwa kuwa mkewe Salha na binti yake walikwisha kufa zamani, tangu siku za mwanzo za kifungo chake. Hapa mrejeaji hana mwenyeji kwa maana halisi ya neno. Ajabu ni kwamba Saleh anabaki. Anafungua duka, anauza vitu vidogo vidogo, anaishi kwa unyamavu. Gurnah haiiti hali hiyo furaha, wala hafanyi haraka kuiita msiba. Ni maisha ya mtu ambaye hana tena wa kumwuliza alikuwa wapi, kwa sababu mji mzima unajua alikuwa wapi na hakuna anayethubutu kulitaja.

Anayemfukuza Saleh kutoka katika utulivu huo ni mrejeaji mwingine. Hassan, aliyetoroka na mfanyabiashara wa Ghuba akiwa kijana mdogo, anatokea baada ya zaidi ya miaka thelathini akiwa na mali na madai. Wazazi wake wamekufa. Hana wa kumlaki, na kwa hiyo anakwenda kwa mtu pekee aliyebaki mwenye uhusiano na historia yake, yaani adui. Deni linafanya kazi ya udugu. Saleh, mzee wa zaidi ya miaka sitini, anakimbilia Uingereza kwa jina la Rajab Shaaban, baba yake Hassan. Sehemu hii ya kitabu imepitwa na wahakiki wengi kwa haraka, wakikimbilia uwanja wa ndege na kisanduku cha udi kinachochukuliwa na afisa wa uhamiaji. Lakini ni hapa palipo na ukali zaidi: kuna watu wanaorudi kwao ili wapate mtu wa kumdai, kwani anayedaiwa hana budi kukiri kwamba anakujua.

Juu ya Gravel Heart, ya 2017, patatajwa jambo moja tu, na ni jambo la lugha. Salim anarudi Unguja baada ya mama yake kufa, na baba yake, Masud, anamsimulia kwa usiku mbili siri iliyoivunja nyumba yao. Siri hiyo inamhusu Amir, ndugu wa mama, ambaye uhuru wake ulinunuliwa kwa heshima ya dada yake. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na kwa mjomba, na kwa hiyo msomaji wa Kiingereza anapita juu ya jina la Amir bila ya kushtuka. Msomaji wa mwambao hawezi. Amir ni mjomba. Mjomba ndiye kinga ya dada yake na wa kwanza kuitwa panapokuwa na aibu. Mjomba aliyekingwa na dada yake kwa namna ile, kisha akamchukua mtoto wa dada huyo kwenda kumlea London kama mtu anayetoa fadhila, ni jambo ambalo riwaya haina haja ya kulieleza kwa Kiswahili. Kwa hiyo ni neema kuwa kazi hizi zimeanza kurudi katika lugha ambayo watu wake wanaizungumza. Paradise ya 1994 ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kitabu kile kilikawia ugenini miaka ishirini na minane, zaidi ya msimulizi wa Admiring Silence.

Ama Afterlives, ya mwaka 2020, ndiyo inayolipa jambo hili jibu lisilotazamiwa. Hamza anashuka usiku katika mji wa bandari baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akichechemea kwa jeraha alilopigwa na Mjerumani wa jeshi alilolitumikia mwenyewe. Utotoni alitolewa na baba yake kwa tajiri ili kufidia deni, na mji huu ndio alioishi na tajiri huyo. Anaitafuta nyumba, na wenyewe hawapo. Hana mzazi wala rafiki. Anapata kazi kwa Nassor Biashara, na Khalifa, karani mwenye ulimi mkali, anampa chumba cha stoo katika nyumba yake.

Khalifa anamwuliza swali la mwambao mzima: wewe ni wa nani, watu wako wako wapi? Hamza anakwepa. Khalifa anakasirika, anauliza tena, anakwepwa tena, na mambo yanaendelea vivyo hivyo kwa muda. Kurasa hizo zina uzuri wa pekee, kwa kuwa hazina tukio lolote. Ni mzee asiye na mtoto anayemsumbua kijana asiye na baba, na katika kusumbuana huko baba na mtoto wanapatikana bila ya mmoja wao kutamka neno hilo. Hamza anajifunza useremala kwa Mzee Sulemani, anazoea sauti za barazani, anapenda. Na anapompenda Afiya anamfasiria kwa Kiswahili beti za Schiller, mshairi aliyemjua kupitia Kijerumani alichofunzwa na afisa wake jeshini. Lugha ya wale waliomvunja nyonga inageuka barua ya mapenzi katika lugha ya nyumbani. Wapenzi wa ushairi wangefaa kuisoma sehemu hiyo hata kama hawatasoma nyingine.

Basi huyu ambaye hana mtu ndiye anayerudi kweli, na yule aliyekuta nyumba imejaa ndiye aliyeshindwa. Sababu yake si bahati peke yake. Msimulizi wa Admiring Silence aliwalisha jamaa zake uongo kabla ya kufika. Hamza hakumwahidi mtu kitu, na kimya chake hakikumdhulumu yeyote. Kimya kimoja kilificha watu walio hai, na kingine kilifunika kidonda. Gurnah anavijua vyote viwili, na kuvitofautisha ni moja ya mafanikio yake makubwa.

Hata hivyo mizani imelalia upande mmoja. Uchungu wote wa mji dhidi ya mgeni asiye na nasaba umebebeshwa Bi Asha, mke wa Khalifa, anayemshuku Hamza na asiyetaka kumsikia kama mchumba wa Afiya. Mji wa Kiswahili wa wakati ule ungetoa Bi Asha kumi, na nusu yao wangekuwa wanaume wenye kanzu safi, wakitaja koo na makabila. Kumwachia mwanamke mmoja mwenye maradhi na dini kali kazi ya kuwa mlango uliofungwa ni kuwasamehe wengine kwa urahisi. Hamza anapokewa kwa wepesi kidogo kupita ilivyowezekana, na msomaji anayependezwa na ndoa ile huenda asitambue kuwa amekwepeshwa.

Kinachomwokoa mwandishi na lawama hiyo ni Ilyas, kaka wa Afiya. Ilyas naye alirudi, mapema katika kitabu. Alichukuliwa na askari akiwa mtoto, akasomeshwa na Wajerumani, na alipokwenda kijijini kwao akakuta wazazi wamekufa na dada yake anatumikishwa katika nyumba ya watu. Alimpata wake wa damu, akamtoa, akamfundisha kusoma. Kisha vita vikaja, naye akajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, akamwacha dada huyo nyuma. Hakurudi tena. Afiya akamwita mwanawe Ilyas, na ni mtoto huyo, akiwa mtu mzima, aliyekuja kumtafuta mjomba wake katika majalada ya Ujerumani na kukuta kuwa alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1942.