Moshi Umehamia Nyuma ya Nyumba

Shangazi alipopata mkopo wa Sacco, hakununua shamba wala pikipiki. Alibomoa jiko. Alinionyesha picha kwenye simu akaniambia, "Wewe si ulifika chuo? Nisomee hapa wameandika nini." Chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini kwa shangazi bado mimi ndiye mkalimani wa familia. Nikamsomea: mtindo wa kikoloni wa kisasa. Akacheka. "Kwani wakoloni hawakuondoka?" Kisha akampigia fundi.

Sasa jiko limekwisha. Rangi nimepaka mimi, kwa hiyo naona nina haki ya kulihakiki.

Kwa macho, ni zuri, tusidanganyane. Makabati meupe, vishikio vya rangi ya shaba, meza ya granaiti, dirisha katikati na kila kitu kimelingana kushoto na kulia. Ukisimama pale na kikombe cha chai unajiona umefika.

Lakini kila mtindo una kwao. Huu unatoka Marekani, kwenye nyumba za walowezi wa karne ya 17 na 18, kabla hawajajitangazia uhuru mwaka 1776. Picha wanayotuuzia ni ya familia imezunguka meko, mkate unaiva, kila mtu ana furaha. Wanachoacha nje ya picha ni kwamba kule Virginia na makoloni mengine ya kusini, nyumba kubwa nyingi zilikuwa na jiko la kando, na waliopika humo walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa.

Huku kwetu ramani ilikuwa hiyohiyo. Nenda Nairobi, kwenye nyumba ya Karen Blixen iliyojengwa mwaka 1912, ambayo sasa ni makumbusho. Jiko liko kwenye jengo lake peke yake. Bibi na wageni ndani. Moto, moshi na mpishi nje. Na hapa Kaloleni neno "kikoloni" halina harufu ya mkate hata kidogo. Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, kwa sababu Wagiriama walikataa kutoa vijana wao wakafanye kazi za mzungu. Kaya ni mwendo mfupi tu kutoka kwenye granaiti yetu.

Utasema, ni jina tu, wacha shangazi afurahie kabati zake. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka tulipoanza kuishi na hilo jiko.

Samaki? Kaangeni nje, harufu itashika kwenye kabati. Maharagwe? Nje, yatamaliza gesi. Sima ya watu kumi? Nje. Basi nyuma ya nyumba kukajengwa kibanda cha mabati, mafiga matatu chini, na ndani yake wako dada wa kazi na Hawe, nyanya yangu. Hawe alijaribu mara moja kuingia na mbuzi yake akune nazi. Akaambiwa polepole, kwa heshima zote, kwamba chuma kitakwaruza taili. Akabeba mbuzi yake akatoka. Jiko la zamani lilikuwa jeusi kama sufuria, lakini habari zote za mji tulizipata humo, tukiwa tumekaa chini tukimsubiri Hawe akamue tui.

Hapo ndipo ninapolikosoa jiko hili. Kabati nyeupe hazina neno. Tumenunua sura ya mkoloni, na ramani yake imekuja bure: chumba safi cha kutazamwa mbele, kazi na moshi nyuma, kwa watu wasiopigwa picha.

Nilipomwambia shangazi, hakukasirika. Alisema, "Wewe unapenda kuni kwa sababu hujawahi kuzibeba." Nilinyamaza. Yeye alipuliza moto kabla ya kwenda shule miaka mingi, na kikohozi cha Hawe sote tunakisikia usiku. Kuutaka weupe si ushamba. Ni mtu aliyechoka na masizi.

Lakini moshi haujaisha. Umehama tu, na kibanda cha mabati kina joto kuliko jiko la zamani. Jiko la kisasa kwetu lingeanza na dohani: meko ya matofali iliyoinuliwa, bomba la kutoa moshi juu ya paa, na pembeni kibaraza kifupi cha mtu kukalia akikuna nazi. Baada ya hapo, paka rangi yoyote unayotaka.

Jumapili walikuja wageni. Walipiga picha ndani, wakasifu. Wali wa nazi na mchunga vilitoka nje, vikapitia mlango wa nyuma. Mimi nilikula kibandani na Hawe, macho yakiniwasha.

Shangazi anasema mkopo una miezi 24. Nimeanza kuulizia bei ya matofali.