Mlango wa Jirani: Fedora na Draiva Zisizo Huria

Fedora, mfumo endeshi wa familia ya Linux, una kanuni inayojulikana: programu na draiva za hazina zake rasmi sharti ziwe huria, yaani yeyote aweze kusoma msimbo wake na kuurekebisha. Draiva kamili ya NVIDIA ya kadi za michoro haitimizi sharti hilo. Kwa hiyo hupatikana RPM Fusion, hazina ya watu wa nje iliyotokana na kuungana kwa Dribble, Freshrpms na Livna. Hazina hiyo ina sehemu mbili, ya huria na ya zisizo huria.

Mwaka 2018, toleo la 28 la Fedora lilifupisha safari. Mtumiaji akikubali, draiva hiyo ilionekana ndani ya duka la programu la mfumo wenyewe. Mtu anaweza kuuita uamuzi huo unafiki: mwenye nyumba hauzi pombe, ila anawaelekeza wageni kwa jirani.

Mimi sikubaliani. Nouveau, draiva huria, iliandikwa kwa kuchunguza jinsi kadi zinavyofanya kazi. Kuanzia kadi za mwishoni mwa 2014, NVIDIA ilidai programu za ndani ya kadi ziwe na saini yake, na kwa miaka mingi Nouveau haikuweza kupandisha kasi ya kadi hizo. Kumnyima mwanafunzi wa usanifu majengo draiva inayofaa ni kumwadhibu kwa kosa la mtengenezaji.

Kasoro ninayoiona iko kwenye ridhaa. Mtumiaji huambiwa kwamba baadhi ya programu si huria, lakini haambiwi gharama yake. Draiva hii hujengwa upya kila kerneli inapobadilika. Akiwasha upya kompyuta kabla kazi haijaisha, anaweza kukuta kioo cheusi. Kosa likiwa ndani ya msimbo uliofungwa, Fedora haiwezi kulirekebisha, wala wanaojitolea RPM Fusion, ambao kazi yao ni kufungasha tu. Mwaka 2022 NVIDIA ilifungua msimbo wa sehemu ya kerneli, lakini sehemu kubwa inayobaki bado imefungwa.

Kwa maoni yangu, mlango wa jirani ubaki wazi, ila juu yake iandikwe sentensi moja: "Hii ikiharibika, sisi hatuwezi kuitengeneza." Anayeisoma na bado akaingia, huyo ndiye aliyechagua.